Ngozi ya Chura wa Kihansi na Somo la Uhifadhi

Katika madaftari ya wanafunzi wa shule za msingi zimo mada mbili ambazo hukaa mbali mbali kana kwamba hazijuani. Moja ni mwili wa viumbe hai: kupumua, kusaga chakula, kutoa takamwili, kuzaana. Nyingine ni hifadhi ya mazingira, ambayo aghalabu huwa orodha ya makatazo: tusikate miti, tusichome misitu, tusiue wanyama. Mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huzikuta katika sura tofauti za kitabu, naye huzifundisha vivyo hivyo, muhula huu ile na muhula ujao hii. Makala haya yanakusudia kumshawishi azifundishe pamoja. Katazo halimwelezi mtoto ni kitu gani hasa kiumbe anakihitaji ili aishi. Jambo hilo huelezwa na mwili wa kiumbe mwenyewe.

Elimu ya utendaji wa mwili, ambayo wataalamu huiita fiziolojia, huuliza maswali ya namna hii: kiungo hiki kinafanyaje kazi, katika joto gani, kwa maji kiasi gani, na kikomo chake ni kipi? Mhifadhi anayetaka kuokoa bioanuwai, yaani wingi na tofauti za viumbe, hana budi kuuliza maswali hayo hayo. Nchi yetu inao mfano ulio wazi mno wa jambo hili, nao ni wa chura mmoja mdogo.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kusini mwa Milima ya Udzungwa, wakati wataalamu walipokuwa wakichunguza mazingira ya mahali palipojengwa bwawa la umeme. Rangi yake ni ya manjano, na hata akikomaa hafikii urefu wa sentimeta tatu. Duniani kote hakuonekana penginepo ila hapo, chini ya maporomoko, mahali ambapo maji yaliyogonga miamba yalirusha manyunyu mchana na usiku. Tena hatagi mayai kama vyura walio wengi. Huzaa watoto walio hai, kila mmoja mdogo kuliko punje ya hindi. Kwa hiyo hakuhitaji dimbwi la kulelea viluwiluwi. Alichohitaji ni manyunyu.

Kwa nini manyunyu? Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kukaa kwa muda mrefu, wala asiharakishe. Ngozi ya chura ni nyembamba, haina magamba, na sharti iwe na unyevu. Kwa ngozi hiyo chura huvuta sehemu ya hewa anayoihitaji, akisaidiana na mapafu yake. Kwa ngozi hiyo hiyo hunywa, kwani chura hanywi kwa kinywa kama ng'ombe: hulaza tumbo mahali penye unyevu, maji yakapenya. Lakini mlango unaoingiza maji ndio huo huo unaoyatoa. Hewa ikiwa kavu, mwili wa chura hupoteza maji upesi, na kadiri mwili ulivyo mdogo ndivyo unavyokauka mapema zaidi. Mwanafunzi akilielewa hilo, atakuwa ameshaanza kubashiri yaliyofuata kabla mwalimu hajayasimulia.

Kituo cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, na yale yaliyobaki kuporomoka korongoni yakapungua kwa takriban asilimia tisini. Manyunyu yakakoma karibu kabisa. Vyura wakapungua kwa kasi ya kutisha. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na huko korongoni yakatandikwa mabomba ya kurusha manyunyu ya kubuni. Kwa muda dawa hiyo ilifaa, na idadi ikapanda tena.

Mwaka 2003 vyura wakafa kwa wingi mara ya pili, ilhali manyunyu yalikuwapo. Wataalamu wamejadiliana juu ya sababu, lakini moja iliyothibitishwa kuwamo korongoni ni kuvu inayoshambulia ngozi za vyura, ambayo imeangamiza vyura katika mabara mengi. Kwa miaka kadhaa ilijulikana kwamba kuvu hiyo huua, bila kujulikana inauaje. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walieleza. Ngozi ya chura hupitisha pia chumvi za mwili, kama vile sodiamu na potasiamu. Ngozi iliyoshambuliwa hushindwa kazi hiyo, chumvi katika damu hupungua, na mwishowe moyo husimama. Mgonjwa anayeonekana kuwa na ugonjwa wa ngozi kumbe hufa kwa moyo! Mwaka huo huo wa 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Wale waliokuwa Marekani nao walipukutika mwanzoni, hata wakasalia chini ya mia moja. Walezi wao iliwabidi wajifunze mwili wa chura hatua kwa hatua: maji yaliyochujwa, vitamini katika chakula, na taa zenye miale inayofanana na ile ya jua, ambayo huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Ndipo wakaanza kuzaana vizuri, huko Bronx na katika bustani ya Toledo. Mwaka 2010 vyura mia moja walirejeshwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kundi la vyura wapatao elfu mbili likarudishwa korongoni, chini ya manyunyu ya mabomba. Mapenzi mema kwa wanyama peke yake yasingetosha kuwafikisha hapo.

Sasa, ndugu mwalimu, utaifundishaje habari hii katika darasa la tano lenye watoto sitini na lisilo na maabara? Usianze na hadithi. Anza na viazi mviringo vitatu vya ukubwa mmoja. Menya viwili, cha tatu ukiache na ganda lake. Kimoja kilichomenywa kiweke ndani ya chungu chenye kitambaa kibichi, ukifunike. Kingine kilichomenywa pamoja na kile chenye ganda viweke dirishani penye upepo. Tengeneza mizani kwa fimbo iliyofungwa kamba katikati, linganisha viazi kabla ya kuviweka, kisha uvirudishe mizanini kesho yake. Kile cha dirishani kisicho na ganda kitakuwa chepesi na kimenywea. Waulize wanafunzi: ni kipi kilicho kama mjusi? Ni kipi kilicho kama chura? Na chungu ni mfano wa nini? Waache wabishane. Halafu kitie kile kilichonywea ndani ya maji safi, wakione kinavyokuwa kigumu tena, ili wajue kwamba ngozi laini haipotezi maji tu, bali pia huyapokea. Hapo ndipo uisimulie Kihansi, nao watakuwa tayari kuipokea.

Usisahau kuwaambia kwamba kiazi si chura. Kiazi hakina moyo wala mapafu, na mfano wowote una mahali unapokomea. Mwanafunzi aliyezoezwa kuuliza mfano unakomea wapi amejifunza sayansi kuliko aliyekariri sehemu kumi za mwili.

Jiandae pia kwa swali moja ambalo halikosi kuulizwa: je, umeme na chura, kipi bora? Wako walimu wanaolinyamazisha swali hilo kwa kuogopa siasa. Si vema. Umeme wa Kihansi ni wa kweli, huwasha taa za hospitali na za nyumba zetu, na mtoto anayeuliza hivyo anafikiri. Mrudishe kwenye mwili wa chura: anahitaji maji kiasi gani, na kwa namna gani? Ilipofahamika kwamba haja yake ni unyevu wa hewa na wa majani, wala si mto mzima, ndipo ilipowezekana kutafuta njia ya kuviweka vyote viwili. Mjadala usio na maarifa hayo huishia katika kelele.

Hapa Bonga mvua zinapoanza vyura hulia usiku kucha madimbwini, kwa hiyo mwalimu hana haja ya kwenda mbali. Wanafunzi wakae hatua mbili kutoka kwa chura aliye kivulini na kuhesabu mara ngapi koo lake linapanda na kushuka kwa dakika moja, asubuhi na mchana, kisha waandike. Wasimshike: baadhi ya vyura wana sumu ngozini, na mikono yenye chumvi na sabuni humdhuru. Kamwe wasihamishe chura kutoka dimbwi moja hadi jingine, kwani kuvu niliyoitaja huweza kusafiri hivyo, hata kwa matope ya viatu.

Darasa likishaweza hayo, lipeni kazi ya kiboko wa Ziwa Babati. Ngozi yake nene hupoteza maji haraka juani, ndiyo maana hushinda ziwani na kutoka usiku kutafuta majani, akipita mara nyingine katika mashamba ya watu. Kila kikundi kichore ramani ya mahali anapohitaji kuwa mchana, mahali anapohitaji kuwa usiku, na njia iliyo kati ya hapo. Kisha waonyeshe, kwa penseli ya rangi nyingine, mahali ambapo wao wangelima.