Istilahi za Wimbi la Mlipuko: Mfano wa Machimbo ya Kisauni

Utangulizi

Kauli kwamba Kiswahili hakijitoshelezi kueleza sayansi husikika mara kwa mara. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kupitia uwanja mmoja, fizikia ya milipuko, na eneo moja, Kisauni, ambako kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka wa 1954 kwa kutegemea mawe ya chokaa ya matumbawe. Hoja kuu ni kwamba maneno yapo. Kinachokosekana ni mipaka baina yake.

Baruti moja, matendo mawili

Neno baruti, lililoingia Kiswahili kupitia Kiarabu, hutaja unga mweusi wa mizinga kama ile ya kale ya Ngome ya Yesu na pia vilipuzi vya machimboni. Kifizikia, vitu hivi ni tofauti. Unga mweusi huwaka: joto la chembe moja huiwasha chembe inayofuata, na moto husafiri kwa kasi iliyo chini ya ile ya sauti. Gesi hujikusanya na kulisukuma tufe la mzinga. Tendo hili laweza kuitwa mwako.

Kilipuzi cha machimboni, kwa mfano mchanganyiko wa nitrati ya amonia takriban asilimia 94 na dizeli asilimia 6, hakingoji joto lipite chembe hadi chembe. Fataki na kilipuzi kidogo cha kuanzishia hutuma wimbi la mshindo ambalo huukandamiza mchanganyiko ghafla na kuupasha moto. Mmenyuko wa kikemia hufuata papo hapo nyuma ya wimbi, na nishati yake hulisukuma tena mbele. Wimbi hujilisha lenyewe. Kasi yake hufikia maelfu ya mita kwa sekunde, ilhali sauti hewani husafiri takriban mita 340. Hili ndilo wimbi la mlipuko.

Chapman (1899) na Jouguet (1905) walieleza kwa nini kasi hiyo hutulia: gesi iliyo mwishoni mwa mmenyuko huachwa nyuma na wimbi kwa kasi iliyo sawa na ile ya sauti ndani ya gesi hiyo, hivyo udhaifu utokao nyuma hauwezi kulifikia. Baadaye Zeldovich (1940), von Neumann (1942) na Döring (1943), kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa mshindo hutangulia na mmenyuko hufuata.

Kutoka shimoni hadi ukutani

Wimbi la mlipuko huishia pale kilipuzi kinapoishia. Ndani ya mwamba hubaki wimbi la mshindo lisilo na chakula tena. Huvunja mawe ya karibu, gesi ikatanua nyufa, kisha wimbi hufifia na kuwa mtetemo. Mkazi wa jirani huhisi sakafu ikitikisika kabla ya kusikia kishindo, kwa kuwa mtetemo mwambani huipita sauti hewani.

Kwa muhtasari, istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

1. Mwako: uchomaji wenye kasi iliyo chini ya ile ya sauti.
2. Wimbi la mlipuko: mshindo unaoendeshwa na mmenyuko ndani ya kilipuzi.
3. Wimbi la mshindo: mgandamizo wa ghafla unaosafiri kwa kasi ipitayo ya sauti, hata pasipo mmenyuko.
4. Mtetemo: mtikisiko wa ardhi unaobaki.
5. Kishindo: msukumo wa hewa unaofikia sikio na madirisha.

Hitimisho

Mipaka hii si anasa ya kitaaluma. Mtetemo hupimwa kwa milimita kwa sekunde, kishindo kwa desibeli. Mwenye nyumba anayelalamikia nyufa kwa neno "mlipuko" pekee hajabainisha kipimo anachodai. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Haki hiyo hudhoofika iwapo tahadhari machimboni na malalamiko ya raia hayana istilahi bayana. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kukaa na wanafizikia, na pia na wapasua mawe, ambao huenda tayari wana maneno ambayo kamusi haijayasajili.