Shamba la Miti Hulinda Pori

1. Makala yatoka wapi?

Asubuhi na mapema barabara za kuingia Goma hujaa watu na mizigo. Huyu anasukuma chukudu yenye magunia. Yule amefunga gunia nyuma ya pikipiki. Mama mmoja amebeba lake mgongoni, na kamba imepita juu ya paji la uso wake. Ndani ya magunia hayo mna nini? Mna makala. Katika mji ule jamaa nyingi hupika kwa makala. Makala yakikosekana, mbabula ni baridi, na maharagi hayaivi.

Basi, watoto, tuulize: makala yatoka wapi? Yatoka katika mti. Na mti watoka wapi? Hapo ndipo penye shauri lote la somo letu. Iko miti iliyopandwa na mtu, na iko miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda.

Mchoma makala hukata miti na kuipanga fungu moja kubwa. Hulifunika kwa majani na udongo, kisha hutia moto. Kwa kuwa hewa inayoingia ni kidogo, miti haiwaki kwa ndimi za moto. Huungua polepole mpaka igeuke makala. Lakini kazi hii ina hasara kubwa. Katika tanuru la udongo, kilo 10 za kuni kavu mara nyingi hutoa kilo 1 au 2 tu za makala. Kwa hiyo gunia ambalo mama yule anabeba mgongoni limekula miti ambayo watu watano hawawezi kuibeba.

2. Pori lisilopandwa na mtu

Karibu na Goma liko pori kubwa la Virunga. Lilifanywa parki katika mwaka 1925, na ni parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Katika mwaka 1979 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Humo mna milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Mna tembo, na gorila wa milima, ambao wamebaki wachache sana duniani.

Sheria inakataza kukata miti humo. Hata hivyo watu wengi wamekata, na kwa miaka mingi makala mengi ya Goma yalitoka humo. Walinzi wa parki wamejaribu kuzuia uharibifu. Kazi yao ni ya hatari: tangu parki ilipoanza, walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini.

Je, wote wanaokata miti ni watu wabaya? Sivyo. Wako wafanya biashara wenye tamaa. Lakini yuko pia baba aliyekimbia vita, asiye na shamba, na watoto wake wana njaa. Na sufuria za mji zadai moto kila siku. Mlinzi mwenye bunduki hawezi kuzizima mbabula zote za Goma. Ukimwambia mtu, « Usikate hapa », yafaa umwonyeshe pia mahali pa kukata.

Mahali hapo ni wapi? Ni katika shamba la miti.

3. Mti ni zao

Mahindi ni zao, maharagi ni zao, kahawa ni zao. Mti nao ni zao. Hupandwa, hupaliliwa, hukua, huvunwa, huuzwa. Tofauti yake ni moja tu: mwenyewe hungoja kwa muda mrefu.

Katika Kivu ya Kaskazini, tangu mwaka 2007, shirika la WWF na vyama vya wakulima walianza kazi iliyoitwa EcoMakala. Wakulima walipata miche, wakaipanda katika ardhi yao wenyewe: eukaliptusi, grevilea, akasia na mingine. Miti ile haikuwa ya serikali wala ya shirika. Ilikuwa mali ya mkulima, naye alikuwa na ruhusa ya kuikata na kuiuza. Hivyo maelfu ya hekta zilipandwa.

Angalieni sababu. Mtu akijua kwamba mti ni wake, na kwamba atapata bei nzuri, ataulinda na mbuzi na moto. Akijua kwamba mti hauna bei, atauacha ufe. Faida ya biashara humfanya mtu apande. Na kila gunia la makala linalotoka shambani laweza kuchukua nafasi ya gunia ambalo lingetoka porini.

4. Namna ya kungoja bila kufa njaa

Maharagi huiva kwa miezi mitatu. Eukaliptusi ya makala huhitaji miaka saba hivi. Maskini atangojaje miaka saba?

Tuseme baba mmoja ana mteremko ambao udongo wake umechoka. Asipande mteremko wote kwa siku moja. Augawe vipande saba. Mwaka wa kwanza apande miti katika kipande cha kwanza, na katikati ya miche apande maharagi. Vipande vingine aendelee kuvilima. Mwaka wa pili apande kipande cha pili, na kadhalika. Katika mwaka wa saba apanda kipande cha mwisho. Katika mwaka wa nane kipande cha kwanza kimetimiza miaka saba. Sasa akate na kuuza.

Tena, kisiki cha eukaliptusi hakifi. Huchipua. Mkulima huacha machipukizi moja au mawili yenye nguvu, na mengine huyaondoa. Bila kununua miche mipya, kipande kile kinaanza kukua tena. Mwaka wa tisa avuna kipande cha pili. Basi kila mwaka auza miti, na kila mwaka vipande sita katika saba bado vina miti. Mlima haubaki mtupu hata siku moja.

5. Miti ya Mampu

Labda mtasema, « Hayo ni maneno ya kitabu tu. » Sikieni basi habari za Mampu. Mampu iko mbali na sisi, upande wa magharibi wa nchi yetu, katika uwanda wa Bateke, kilometa 140 hivi kutoka Kinshasa. Zamani hapo palikuwa na mchanga na majani, na moto ulipita kila kiangazi. Kati ya mwaka 1987 na 1993 walipanda akasia katika hekta 8.000 hivi. Baadaye shamba liligawanywa kwa jamaa kama 300, kila jamaa hekta 25.

Kwa nini walichagua akasia? Kwa sababu katika mizizi yake wanakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi huchukua nitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Majani ya akasia yakianguka na kuoza, udongo hupata nguvu.

Miti ikifika miaka kumi hivi, mkulima hukata sehemu moja na kuchoma makala. Matawi madogo yaliyobaki huyachoma shambani. Joto la moto huo huamsha mbegu za akasia zilizolala udongoni. Mkulima apanda mahindi na muhogo, na akasia changa zaota pamoja. Akipalilia, aziacha akasia katika mistari na kung'oa zinazozidi. Muhogo ukimalizika kuvunwa, miti imekwisha kumpita mtu kwa urefu. Zaidi ya hayo, wakulima wengine hufuga nyuki na kupata asali.

Kinshasa ni mji mkubwa mno, na Mampu huupa sehemu ndogo tu ya makala yake. Lakini imeonyesha jambo moja wazi: mahali palipokuwa na majani matupu, jamaa zinakula, zinauza, na miti ipo.

6. Faida kwa udongo, maji na hewa

*Udongo.* Mvua ikipiga mteremko mtupu, huchukua udongo mzuri na kuupeleka mtoni. Chini ya miti, majani makavu huzuia matone, na mizizi hushika udongo.

*Maji.* Udongo uliofunikwa hunywa mvua. Maji huingia chini taratibu, badala ya kushuka kwa mbio na kubomoa nyumba za bondeni.

*Hewa.* Mti unaokua huvuta kaboni kutoka hewani na kuiweka katika mwili wake. Tukiuchoma, kaboni hurudi hewani na kuongeza joto la dunia. Lakini kama mti mwingine unakua mahali pale pale, huivuta tena. Pori likikatwa lisiote tena, kaboni yake hubaki hewani.

7. Sheria za shamba la miti

Msidhani kwamba kila shamba la miti ni jema. Mpanzi mwenye akili hushika sheria hizi:

1. Usikate pori ili upande miti ya kuuza. Porini mna namna nyingi sana za miti, ndege, wanyama na dawa. Shamba la miti haliwezi kuvirudisha. Panda mahali palipokwisha kuwa patupu.
2. Usipande eukaliptusi karibu na chemchemi. Mti huu hunywa maji mengi.
3. Usichukue shamba zuri la chakula. Hatuli makala.
4. Changanya namna za miti. Ugonjwa ukiingia, hautaua yote.
5. Ukikata, otesha tena. Asiyeotesha si mkulima wa miti, ni mharibifu.

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba Mungu alimpa mtu wa kwanza bustani, si kwa kula tu, bali kwa kuifanyia kazi na kuilinda. Kufanya kazi na kulinda si mambo mawili yanayopingana. Mkulima mwenye miti yake ya kuuza anafanya kazi upande huu wa mpaka, na upande wa pili pori linapumzika.

Tukumbuke. Mti tunaoupanda ili tuuze unaweza kuulinda mti ambao hatukuupanda. Lakini ni lazima tuupande mahali panapofaa, na kuotesha mwingine kila tunapokata.

Maneno

*tanuru*: mahali pa kuchomea makala.
*chipukizi*: tawi changa linalotoka katika kisiki.
*mteremko*: ubavu wa mlima.
*uwanda*: nchi pana iliyo sawasawa.

Maulizo

1. Makala ya kwenu yatoka wapi? Uliza nyumbani.
2. Kwa nini walinzi peke yao hawawezi kuokoa pori la Virunga?
3. Kwa nini mkulima hulinda mti ulio wake?
4. Moto unafanya kazi gani njema huko Mampu? Na ukipita kila kiangazi bila mtu kuulinda, unaleta hasara gani?
5. Taja mahali pawili katika kijijini chenu panapofaa miti, na pamoja pasipofaa. Eleza sababu.

Hesabu

1. Jamaa moja ya Mampu ina hekta 25. Inakata miti yenye miaka 10. Ikitaka kuvuna kipande sawa kila mwaka, itakata hekta ngapi kwa mwaka?
2. Tanuru moja linatoa kilo 1 ya makala kwa kilo 8 za kuni. Ili kupata gunia la kilo 50, zahitajiwa kilo ngapi za kuni? Tanuru bora likitoa kilo 1 kwa kilo 5 za kuni, ni kilo ngapi za kuni zinazookolewa kwa kila gunia?