Dereva, Tajiri na Mkandarasi Huru: Tatizo la Istilahi za Ajira katika Kiswahili

Katika vituo vya bodaboda na tuktuk vya Dabaso na Gede, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, neno hesabu lina maana mahususi. Ni kiasi cha fedha ambacho dereva asiyemiliki chombo humpelekea mwenye chombo kila jioni. Mwenye chombo huitwa tajiri, hata awe mwalimu wa shule ya msingi aliyenunua pikipiki moja kwa mkopo. Kinachozidi hesabu, baada ya petroli, ni cha dereva. Kinachopungua nacho ni chake. Je, dereva huyu ni mwajiriwa wa tajiri, ni mkodi wa pikipiki, au ni mfanyabiashara anayejitegemea?

Swali hilo ni la zamani, ila limepata uzito mpya tangu kampuni za usafiri wa kuitwa kwa simu, kama Uber iliyoingia Nairobi mwaka 2015, zilipoanza kuwaita madereva wao washirika na kuwaandika katika mikataba kuwa si waajiriwa. Watafsiri nao wamekuwa wakikimbilia istilahi mkandarasi huru. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi hiyo huamua jambo ambalo lingepaswa kuamuliwa na ushahidi wa kazi yenyewe.

Uzito wa jambo hili uko katika sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humweleza mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Kibarua, kwa mujibu wa sheria iyo hiyo, ni yule alipwaye mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja; na kifungu cha 37 huruhusu mkataba wake ugeuke kuwa wa kudumu zaidi akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja. Dereva wa hesabu ni kinyume cha kibarua: kibarua jioni hupokea, yeye jioni hulipa. Mwelekeo wa fedha ukishageuka, maelezo ya sheria humteleza, ingawa huenda amekuwa akimtumikia tajiri mmoja kwa miaka mitatu. Matokeo yake si madogo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, huwakinga waajiriwa. Dereva akigongwa na lori akavunjika mguu, neno moja laweza kuamua kama atalipwa fidia au jamaa zake watamwitia harambee.

Ama neno mkandarasi, katika matumizi ya Kenya, humleta akilini mtu wa zabuni, tingatinga na bango la mradi. Mtu huyo hutaja bei yake, huajiri wengine na hugawa hasara. Kumpa jina hilo kijana ambaye nauli yake hupangwa na mtambo ni kumvisha joho lisilo lake. Kivumishi huru nacho huongeza sifa ambayo bado haijathibitishwa.

La kushangaza ni kwamba Kiswahili kina akiba bora zaidi. Maneno ajira, ujira, mwajiri na mwajiriwa yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, ambao ndio uliozaa ijara, yaani ukodishaji wa kitu na vilevile wa nguvu za mtu. Wanazuoni wa fikihi, elimu iliyosomwa pwani hii kwa karne nyingi, walitofautisha ajiri khasi na ajiri mushtaraki. Wa kwanza hujitoa kwa mtu mmoja kwa muda maalumu, na hustahiki ujira kwa kule kuwa tayari, hata kama kazi haikupatikana. Wa pili, kama mshonaji, huwatumikia watu wengi na hulipwa kwa kazi aliyoimaliza. Kipimo ni muda na utiifu. Jina lililoandikwa katika karatasi si hoja.

Kipimo hicho kinakaribiana mno na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya tarehe 19 Februari 2021. Majaji waliona kwamba Uber ndiyo iliyopanga nauli na masharti, na kwamba iliwabana madereva waliokataa safari mara kwa mara. Wakaamua kuwa madereva hao ni wafanyakazi, tabaka lililo kati ya mwajiriwa kamili na mtu anayejitegemea, na kwamba muda wa kungoja abiria huku programu ikiwa imewashwa nao ni muda wa kazi. Nchini Kenya, Kanuni za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni inayokatwa na kampuni. Hilo liligusa mfuko wa dereva bila kugusa hadhi yake.

Hata hivyo, si kila dereva anataka kuitwa mwajiriwa. Mwenye pikipiki yake, anayepatana na abiria kutoka Dabaso hadi Watamu na kuzima simu aende matangani bila kuomba ruhusa, hana bwana, na kumlazimishia bwana ni kumkosea.

Kwa hiyo yafaa istilahi zigawanywe. Mwajiriwa libaki kwa maana finyu ya Sheria ya Ajira. Mfanyakazi litumike kwa maana pana, kama Katiba ya mwaka 2010 inavyoanza kifungu cha 41 kwa haki za kila mtu kisha kutaja haki za kila mfanyakazi. Mkodi liwe la anayelipia chombo na kukitumia apendavyo. Mtoahuduma anayejitegemea liwe la yule apangaye bei yake mwenyewe. Dereva wa hesabu atawekwa wapi? Mtafsiri aulize kwanza ni nani hupanga hesabu, ni nani hulipia tairi likipasuka, na kama dereva akilala siku moja atakikuta chombo kesho yake.