PANGABOI: PIMA CHUMBA KWANZA, BEI BAADAYE

Kwa joto hili la Mombasa najua wengi wenu mnasoma makala haya huku mnajipepea kwa daftari. Nami nimeshika kalamu niwaeleze jambo moja nililojifunza kwa gharama kubwa, nalo ni jinsi ya kuchagua feni ya dari ya chumba cha kulala iliyo nzuri na ya bei nafuu. Msicheke. Mtu akikosea kununua kalamu hupoteza shilingi chache. Akikosea kununua feni anaweza kupoteza zaidi ya pesa, kama mtakavyoona.

Kwa vile jarida hili ni la Chama cha Kiswahili, tuanze na neno lenyewe. Feni ya dari kwa Kiswahili huitwa pangaboi. Mimi nilidhani limetokana na panga la kufyekea, maana mabawa yake yanafanana na mapanga, na hata mafundi huyaita hivyo. Kumbe sivyo! Zamani kule Bara Hindi kulikuwa na kitambaa kikubwa kilichotundikwa darini, kikiitwa panka. Mtumishi aliketi pembeni akikivuta kwa kamba ili mabwana wapate upepo. Waingereza walimwita mtumishi huyo panka-boi. Jina la mvuta kamba ndilo lililogeuka kwetu likawa jina la mashine. Feni ya dari ya umeme ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1880 na Philip Diehl, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya cherehani ya Singer. Alichukua mota ya cherehani akaifunga mabawa. Nilipomsimulia mama yangu, ambaye ni fundi wa kushona, alisema, "Basi na mimi nina haki yangu kwa feni hiyo."

Sasa nije kwenye kisa. Nyumbani kwetu chumba cha kulala ni kimoja kwa watu watatu: Bibi, mdogo wangu wa miaka tisa, na mimi. Bibi ana kitanda chake ukutani upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na kitanda cha ghorofa, deka tunavyokiita, mimi chini na mdogo wangu juu. Wakati wa kaskazi, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kile huwa kama tanuri la mkate. Bibi akikosa usingizi hadi alfajiri. Akiniita, "Mjukuu wangu, nifungulie mlango japo kidogo." Mlango wenyewe kuufungua usiku ni hatari.

Mwezi wa Februari 2025 zamu ya mama ya mchezo ilifika. Akanipa shilingi 3,000 akaniambia, "Wewe ndiye msomi wa fizikia hapa. Nenda ukatuchagulie feni." Ee bwana, nilivimba kichwa! Nikaingia duka moja mjini nikauliza swali moja tu: "Ya bei ya chini ni ipi?" Nikaonyeshwa feni kubwa ya inchi 56 kwa shilingi 2,300. Nikajisemea, kubwa tena rahisi, nataka nini zaidi? Nikarudi na chenji ya mia saba nikajiona mjanja kuliko sungura. Jirani mmoja aliyejua kidogo mambo ya stima akatufungia kwa mia tatu.

Usiku wa nne mdogo wangu aliketi kule juu ateremshe chandarua chake. Upepo ukakipeperusha pindo, mabawa yakalinasa, chandarua chote kikazungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Mkono wake ulikuwa ndani ya kitambaa. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Mama alikimbia akazima swichi, lakini mota ilikuwa imeshakwama ikinguruma na kutoa harufu ya kuungua. Namshukuru Mungu mtoto alichubuka vidole tu. Feni iliungua. Pesa za mchezo za mama zikaenda hivyo. Mama hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho yake nilichukua utepe wa mama wa kushonea nikapima. Chumba chetu ni mita 3 kwa 3. Kutoka katikati ya chumba hadi ukutani ni sentimita 150. Kitanda kina upana wa sentimita 90, basi ukingo wake uko sentimita 60 kutoka katikati. Feni ya inchi 56 ina kipenyo cha milimita 1400, nusu yake ni sentimita 70. Yaani mabawa yalikuwa yakipita juu ya kitanda kwa sentimita 10! Nikapima na urefu wa kwenda juu. Mabawa yalikuwa sentimita 225 kutoka sakafuni. Godoro la juu liko sentimita 150, na mdogo wangu akiketi ana sentimita 70. Jumla 220. Kichwa chake kilikuwa kimebakisha sentimita 5 tu. Wasomaji, hesabu hii ni ya darasa la tano, na mimi niko kidato cha tatu. Majuto ni mjukuu.

Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi wa stima mwenye leseni anayemfahamu mjomba wangu, nikamuomba anifundishe. Nilimuuliza pia mwalimu wetu wa fizikia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, jueni kwamba feni haipozi chumba. Themometa ukiitundika chini yake itasoma nyuzi zile zile. Kinachopoa ni mwili, kwa sababu upepo hukausha jasho, na jasho likikauka hubeba joto la ngozi. Kwa hiyo feni inayozunguka chumba kitupu inakula stima bure. Ukitoka, zima.

Pili, ukubwa ufuate chumba. Chumba kidogo cha chini ya mita 7 za mraba kinatoshwa na feni ya milimita 900, yaani inchi 36. Cha mita 7 hadi 13 za mraba, milimita 1050 au 1200. Ile ya 1400 ni ya sebule au chumba kikubwa. Chetu ni mita 9 za mraba, basi 1400 haikuwa yetu tangu mwanzo.

Tatu, nafasi. Mabawa yawe angalau mita 2.1, yaani futi 7, kutoka sakafuni, na ncha zake ziwe sentimita 45 au zaidi kutoka ukutani. Yasigande darini pia, maana feni huvuta hewa kutoka juu yake. Mwenye dari fupi asinunue feni ya dari, anunue ya kusimama au ya ukutani. Na mwenye deka asitundike feni ya dari karibu nalo kabisa. Kipimo cha sakafuni hakimsaidii mtoto aliyelala juu.

Nne, chandarua. Huku kwetu mbu wapo na malaria ipo, hatuwezi kuacha chandarua kwa ajili ya feni. Kile cha duara kinachoning'inia kutoka darini hugombea mahali pamoja na feni. Tumia cha pembe nne, ukifunge kamba chini ya kiwango cha mabawa, na pindo ulichomeke chini ya godoro kabla ya kuwasha feni.

Tano, mota. Hapa ndipo ubora ulipo. Uliza kama waya wa ndani ni wa shaba au wa alumini. Wa shaba hupitisha umeme vizuri zaidi na haupati moto upesi. Zungusha kwa mkono: izunguke laini bila kukwaruza, na ekseli isicheze. Soma kibandiko. Feni ya kawaida ya milimita 1200 hutumia wati 70 hadi 80 ikiwa mbio kabisa. Angalia pia kiasi cha hewa inayosukuma kwa dakika, kama kimeandikwa. Feni mbili za bei moja, bora ni ile inayosukuma hewa nyingi kwa wati chache. Hakikisha ina alama ya shirika la viwango, KEBS, na udai risiti na garantii. Mimi ile ya kwanza sikudai chochote.

Sita, mabawa. Mabawa ya sanduku moja yamelinganishwa uzito. Usikubali muuzaji akuchanganyie kutoka masanduku mawili, feni itayumba. Bawa lililopindika usilichukue hata ukipunguziwa.

Saba, kufunga. Feni haifungwi kwenye silingi bodi. Inafungwa kwenye kulabu ya chuma iliyoshikwa na zege au boriti imara, na iwe na waya wa ardhi. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kazi kuanza. Fundi alipopanda darini kwetu alitikisa kichwa. Yule jirani alikuwa amefunga kwenye kijiti chembamba cha kushikia bodi. Hata bila ya chandarua, feni ile ingekuja kutuangukia.

Nane, bei ya kweli. Bei ya dukani si bei yote, stima nayo inalipwa kila mwezi. Tufanye hesabu. Feni ya wati 75 ikizunguka saa 10 kila usiku hutumia yuniti 0.75. Kwa siku 30 ni yuniti 22.5. Tuchukulie yuniti moja ni shilingi 25, hiyo ni shilingi 562.50. Kuna feni za mota ya kisasa, sandukuni huandikwa BLDC, zinazotumia wati 30 hivi. Hizo kwa saa zile zile ni yuniti 9, yaani shilingi 225. Unaokoa shilingi 337.50 kwa mwezi. Ikiwa inazidi ya kawaida kwa shilingi 3,000, itajilipa kwa karibu miezi 9 ya matumizi. Lakini haiendeshwi kwa regyuleta ya ukutani, ina rimoti au swichi yake. Na ukinunua ya kawaida, chagua regyuleta ya elektroniki. Zile kubwa za zamani hugeuza stima kuwa joto, hivyo kupunguza mwendo hakukusaidii sana kwenye tokeni.

Nami nikiri hapa: niliitamani BLDC, lakini mfuko wa mama haukuruhusu. Tulingoja miezi mitano. Mimi nilikuwa nikimsaidia kushona vifungo vya sare jioni, ili nirudishe angalau sehemu ya kile nilichopoteza. Julai tukanunua feni ya kawaida ya milimita 1200, mota ya shaba, kwa shilingi 3,900 pamoja na regyuleta, na garantii ya mwaka mmoja. Fundi alitupa ushauri wa bure wa mwisho. Feni ikianza kuzunguka polepole, msikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi ni kapasita imechoka, na hicho ni kifaa cha bei ndogo.

Kabla hajaifunga, tulifungua nati za deka. Vyuma vya juu sasa vimeegemezwa uani, mdogo wangu analala kitanda cha chini, na mimi nimehamia kwenye godoro sakafuni katikati ya chumba. Wenzangu wamenicheka, ati mwanafunzi wa kidato cha tatu analala chini. Wacha wacheke. Nilipo mimi ndipo hasa chini ya pangaboi, upepo wote ni wangu. Mdogo wangu alikaa wiki nzima akiogopa kuiwasha. Nilimpa utepe apime mwenyewe kutoka kichwani mwake hadi kwenye mabawa, akapiga hesabu, akaridhika. Sasa swichi anabonyeza yeye. Na Bibi? Kaskazi ya 2026 ilipoingia alilala usingizi mpaka akaanza kulalamika, "Punguzeni, nasikia baridi!"

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema rahisi ghali. Feni ya shilingi 2,300 pamoja na ya 3,900 ni shilingi 6,200, bado sijahesabu ufundi mara mbili na chandarua kilichochanika. Kwa pesa hizo tungepata ile niliyoitamani. Kwa hiyo kabla hujaingia dukani, chukua utepe. Andika urefu wa chumba, upana wake, kimo cha dari, na mahali kila mtu anapolala. Karatasi hiyo ndiyo uende nayo kwa muuzaji, na swali la bei liwe la mwisho.

Nawatakia nyote usingizi mwema.