Ukinzani wa Mwisho wa Laini na Swichi Yake

Mwanafunzi akitikisa ncha ya kamba ndefu huona wimbi likisafiri hadi ncha ya pili, kisha likirudi. Ncha hiyo ikifungwa kwenye nguzo, wimbi hurudi limepinduka. Ikiwa huru, hurudi bila kupinduka. Ishara ya umeme katika laini ya mawasiliano ina tabia hiyo hiyo.

Kila laini ya nyaya mbili ina ukinzani wake wa asili (Z), utokanao na unene wa nyaya, umbali kati yake na kihami kilichozifunika. Hautegemei urefu. Kikinzani chenye ukinzani R kikiungwa mwishoni, sehemu ya wimbi irudiyo ni:

(R − Z) ÷ (R + Z)

Mwisho ukiachwa wazi, jibu ni 1: wimbi lote hurudi. R ikilingana na Z, jibu ni sifuri: nishati yote humezwa na kikinzani ikageuka joto.

Mwangwi huo una madhara. Ishara husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde. Katika laini ya m 100 huenda na kurudi kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tarakimu zikitumwa milioni moja kwa sekunde, mwangwi wa tarakimu moja huiangukia inayofuata, na mashine ikasoma amri isiyotolewa.

Katika utaratibu wa RS-485, uliotolewa Marekani mwaka 1983, vituo vingi hutuma na kupokea kwenye laini moja, ambayo kwa kawaida Z yake ni omu 120. Vikinzani huhitajika viwili tu, kimoja kila mwisho. Cha tatu kikiungwa katikati, wimbi hukutana na omu 120 za kikinzani sambamba na omu 120 za laini iliyobaki, yaani omu 60. Theluthi moja ya wimbi hurudi, tena limepinduka.

Mtengenezaji wa kituo hajui kitawekwa mwishoni au katikati. Kwa hiyo huunga kikinzani mfululizo na swichi: ya mkono, au ya transista inayoongozwa na programu. Transista nayo ina ukinzani wake; ikiwa na omu 10, kikinzani kiwe cha omu 110. Aidha, kwa kuwa volteji kati ya nyaya hugeuka, swichi iliyofungwa kwa transista haina budi kuzuia mkondo wa pande zote mbili ikizimwa. Ndiyo maana mara nyingi hutumika transista mbili zilizopeana migongo.

Mazoezi

1. Ikiwa Z ni omu 120 na R ni omu 360, sehemu gani ya wimbi hurudi?

2. Umeme umezimwa. Kipima-ukinzani kilichounganishwa na nyaya mbili za laini chaonyesha takriban omu 60. Eleza sababu. Kingeonyesha omu 40, ungetafuta kosa gani? Na omu 120 je?