MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo nusura liniaibishe: namna ya kuandika saa za kazi ya kujitolea unapoomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo.

Kwa vyuo vyetu vya umma hapa Kenya, KUCCPS hutazama alama za KCSE. Haikuulizi ulifagia soko mara ngapi. Vyuo vingi vya Marekani huuliza. Zaidi ya vyuo 1,000 hutumia fomu moja iitwayo Common App, iliyoanza mwaka wa 1975. Ina nafasi ya shughuli 10. Kwa kila shughuli unaulizwa: saa ngapi kwa wiki, na wiki ngapi kwa mwaka? Kisha unaieleza kazi yenyewe kwa herufi 150 tu, na nafasi kati ya maneno pia huhesabiwa.

Mimi nilikuwa nikiwafunza watoto wa shule ya msingi jirani kusoma kila Jumamosi. Kufika hapo kwenye fomu, nikaandika saa 10 kwa wiki, wiki 52. Si nani atajua? Mwalimu aliyekuwa akinisaidia akachukua kalamu: 10 mara 52 ni 520.

"Kumbe hata Krismasi ulikuwa ukifunza?" akauliza.

Jasho lilinitoka. Tukahesabu upya. Saa 2 kila Jumamosi, wiki 10 kila muhula, mihula mitatu. Jumla: saa 60.

"Sitini pekee, mwalimu? Nani atanichukua?"

"Watoto walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na wangapi sasa wanasoma hadithi bila kusaidiwa?"

"Tisa."

"Basi andika hayo!"

Ndipo nilipofahamu. Saa huonyesha muda tu. Kazi huonekana kwa matunda yake. Isitoshe, mwishoni mwa fomu unathibitisha kwamba uliyoandika ni kweli. Ukigunduliwa umedanganya, chuo chaweza kukunyang'anya nafasi hata baada ya kukukubali. Njia ya mwongo ni fupi.

Wanafunzi wenzangu, hasa nyinyi wa vidato vya chini, shikeni haya:

1. Weka daftari tangu leo. Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, kazi uliyofanya, na uombe sahihi ya msimamizi.

2. Saa zikibadilikabadilika, tafuta wastani. Ukifanya kazi saa 45 kwa wiki 15, andika saa 3 kwa wiki, wiki 15. Wiki ulizokaa nyumbani usizihesabu.

3. Usichanganye mambo. Kazi ya mshahara ina mahali pake. Kulea wadogo zako na kumwuguza nyanya pia kuna mahali pake, chini ya majukumu ya familia. Usiyaone hayo kuwa duni ukayaacha, wala usiyaite kujitolea.

Majibu yangu bado sijayapata. Nikikubaliwa, nitashukuru. Nikikataliwa, basi nikataliwe na sitini zangu za halali, maana wale watoto tisa wanasoma kweli.

Je, wewe mwenzangu, daftari lako liko wapi?