Majivu ya Toba na Upimaji wa Hatari

Yapata miaka 74,000 iliyopita volkano ya Toba, katika kisiwa cha Sumatra, ililipuka na kutupa nje zaidi ya kilomita za ujazo 2,000 za mawe na majivu. Gesi ya salfa ifikapo tabaka za juu za anga hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi, nayo huzuia sehemu ya mwanga wa jua. Ardhi hupoa na mimea hudhoofika. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 mtaalamu wa Marekani, Stanley Ambrose, alitoa dhana kwamba baada ya mlipuko huo wanadamu walikaribia kutoweka, wakabaki maelfu machache tu.

Dhana hiyo ilipendwa sana, pengine kupita kiasi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chembe za kioo za Toba, zisizoonekana kwa macho matupu, zimetambuliwa katika tope lililochimbwa chini ya Ziwa Nyasa, yapata kilomita 7,000 kutoka Sumatra. Tope la ziwa hujipanga tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Na ukurasa uliofuata majivu hayo haukuonyesha dalili ya baridi kali. Mwaka 2018 chembe kama hizo zilitangazwa pia kutoka Pinnacle Point, pwani ya Afrika Kusini, ambako mabaki ya mioto na zana za mawe yanaonyesha kwamba watu waliendelea kuishi baada ya mlipuko.

Je, hatari ya namna hiyo basi ni ndogo? Hapa ndipo wengi hukosea. Swali hili huulizwa na waliosalia: kama wanadamu wangaliangamia, asingekuwapo wa kuuliza. Kwa hiyo kunusurika peke yake si kipimo cha hatari. Isitoshe, watu wa Pinnacle Point walikuwa wachache, wakiwinda na kuokota vyakula vya pwani. Leo watu zaidi ya bilioni 8 hutegemea mno ngano, mpunga na mahindi. Volkano ya Tambora, iliyolipuka mwaka 1815 nchini Indonesia, ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na Toba, na wastani wa joto la dunia ulipungua kwa chini ya nyuzi 1. Hata hivyo mwaka 1816 mavuno yaliharibika katika sehemu nyingi za Ulaya, na njaa ikafuata.

Mpimaji hutazama mambo mawili pamoja: uwezekano wa tukio na ukubwa wa madhara yake. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba tukio fulani lina uwezekano wa 1 katika 1,000 kila mwaka. Uwezekano wa kulikosa kwa miaka 100 ni 0.999 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100, yaani 0.905 hivi. Uwezekano wa kulipata ni karibu 1 katika 10, kiasi ambacho hakuna mkulima angekipuuza kama kingehusu ghala lake.

Zoezi: Rudia hesabu hiyo kwa miaka 500. Kisha eleza kwa nini jibu si 0.5.